Video na sauti kwenye PlayStation na Xbox: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye PS3, PS4, PS5 au Xbox sebuleni, laptopu iliyojaa video, na ruta moja inayoviunganisha. Iwe uko Mbeya mjini, Tukuyu, Makambako, Mafinga au Iringa, shida huwa zilezile: faili linakataliwa, picha inatoka bila sauti, au mashine haiioni kompyuta kabisa. Amri zilizomo humu ni za FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video na sauti, na huandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta. Ukishaipakua mara moja haihitaji intaneti tena.

Kwa nini video inacheza vizuri kwenye laptopu, lakini PlayStation inaikataa?

Laptopu yako ina VLC, na VLC imebeba vifumbuzi vya karibu kila aina ya video na sauti. Mashine ya gemu hutegemea chipu yake na orodha fupi ya aina ilizoruhusiwa tangu kiwandani. Kisichokuwa kwenye orodha hakichezi, hata kama mashine ina nguvu kuliko laptopu.

Jambo linalowapoteza wengi ni jina la faili. MKV, MP4 na AVI ni majina ya kontena tu. Ukikuta gunia la viazi limeshonwa pale Mwanjelwa, hujui kama ndani ni Kikondo au Sagitta mpaka ulifungue. Ndani ya MKV kunaweza kuwa na picha ya H.264 na sauti ya AAC, na PS4 ikaipokea. Kunaweza pia kuwa na picha ya HEVC na sauti ya DTS, na PS4 ileile ikakataa. Aina hizo za ndani ndizo kodeki, na ndizo zinazoamua. Kubadilisha .mkv iwe .mp4 kwa kuandika jina upya hakubadilishi chochote ndani.

Nitajuaje kilichomo ndani ya faili?

Pakua MediaInfo, ni ya bure. Fungua faili, chagua mwonekano wa maandishi, kisha soma mistari hii. Upande wa picha tazama "Format" (AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265), "Format profile" (mfano High@L4.1), "Bit depth" (8 au 10) na ukubwa wa picha. Upande wa sauti tazama "Format" na idadi ya chaneli.

Kama hutaki programu nyingine, VLC inatosha: video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, dirisha la kodeki litafunguka.

Fanya hivi kabla ya kubadilisha faili lolote. Watu wengi huacha laptopu ikichemka usiku kucha kubadilisha filamu nzima, kumbe kilichokataliwa ni sauti peke yake, kazi ya dakika chache.

PS4 inakubali nini hasa?

Kwanza pakua programu ya bure inayoitwa Media Player kutoka duka la PlayStation. Haimo kwenye mashine inaponunuliwa. Ilitolewa mwaka 2015. Haihitaji PS Plus.

Inasoma kontena za MKV, MP4, AVI, MPEG-2 PS, MPEG-2 TS na AVCHD. Picha iwe H.264 yenye profaili ya High isiyozidi kiwango 4.2 (MediaInfo huandika High@L4.2), au MPEG-4 ASP (zile zinazoitwa Xvid na DivX), au MPEG-2. Sauti iwe AAC LC, MP3 au AC-3, yaani Dolby Digital. Muziki wa peke yake unaweza kuwa MP3, M4A au FLAC. Flashi au diski ya nje iwe FAT32 au exFAT; NTFS haisomi.

Inayokataliwa: HEVC yote, H.264 ya biti 10, video ya 4K kwenye PS4 isiyo Pro, na sauti za DTS, TrueHD, Opus na Vorbis. Kuhusu HEVC sababu ni ya kihistoria. Kiwango cha HEVC kiliidhinishwa mwaka 2013, na PS4 ikaingia sokoni Novemba mwaka huohuo. Chipu yake ilikuwa imeshabuniwa. H.264 ilikuwepo tangu 2003, ndiyo maana hata PS3 ya mwaka 2006 inaifahamu.

Na PS3?

PS3 ni mzee mwenye msaada mkubwa, lakini ana masharti. MKV haifahamu kabisa. Mpe MP4, M2TS, AVI ya Xvid au DivX, MPEG-1 au MPEG-2. H.264 yenye kiwango 4.1 ndiyo salama. Flashi lazima iwe FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo filamu ndefu yenye picha safi ipitishe kwenye mtandao badala ya flashi. Hilo ndilo jambo zuri la PS3: uwezo wa kusoma seva ya DLNA (njia ya kutuma video na muziki kutoka kompyuta kwenda mashine kupitia mtandao wa nyumbani) umo ndani tayari, hupakui chochote.

Nenda "Settings", kisha "Network Settings", kisha "Media Server Connection", uwashe. Rudi kwenye safu ya Video na utaikuta kompyuta yako imejitokeza.

Ukichomeka flashi ukakuta haina kitu, simama juu ya jina la flashi, bonyeza pembetatu, chagua "Display All". Bila hivyo PS3 hutazama folda yenye jina VIDEO tu. Muziki wa WMA nao umefungwa mpaka uende "System Settings" uwashe "Enable WMA Playback".

PS5 yangu ni mpya. Mbona haina Media Player?

Sony haikuiweka. PS5 haina kisomaji cha DLNA wala kisomaji cha video za flashi. Flashi yenye folda iitwayo Music itakuchezea nyimbo tu. Njia inayofanya kazi ni Plex: weka Plex Media Server kwenye laptopu, na programu ya Plex kwenye PS5. Ikiwa lengo lako kubwa ni kutazama mafaili ya nyumbani, na PS4 bado unayo, usiiuze.

Xbox je?

Xbox 360 ina masharti ya PS3 na zaidi. H.264 ikae chini ya Mbps 10, na AVI ya MPEG-4 chini ya Mbps 5 na isizidi 1280 kwa 720. Mtego mkubwa uko kwenye sauti: ndani ya MP4 inakubali AAC ya chaneli mbili tu. Filamu yenye AAC ya 5.1 (chaneli sita) itakupa picha bila sauti, au itakataa kabisa. MKV hapana. Flashi iwe FAT32.

Xbox One na Series X|S ziko mbele sana. Zinasoma MKV, zinasoma NTFS, na unaweza kuweka VLC, Kodi au Plex kutoka duka la Microsoft. VLC ya Xbox inafumbua sauti zenyewe, DTS ikiwemo, na inasoma faili la manukuu la SRT. Kwa anayenunua mashine leo akiwa na mafaili ya kila namna, Xbox One S iliyokwisha tumika ndiyo tungemshauri, ingawa kwa gemu mtaani wengi watamwambia achukue PS4.

Tahadhari moja: ukichomeka diski kubwa kwenye Xbox, itauliza kama uitumie kuhifadhi gemu. Ukikubali, itafomati na kila kitu kitafutika. Chagua itumike kwa video na muziki.

PS2 na Nintendo Switch?

Hapana. PS2 inacheza DVD na CD zake. Switch haina kisomaji cha mafaili ya video.

Picha inatoka, sauti hakuna. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Karibu kila mara sauti ni DTS, TrueHD au E-AC-3. Usiguse picha. Inakili jinsi ilivyo, ubadilishe sauti tu:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Sehemu ya "-c:v copy" ndiyo inayookoa muda: picha inahamishwa bila kufumbuliwa. Hata laptopu ya zamani humaliza filamu ya saa mbili kwa dakika chache. 640k ndicho kiwango cha juu cha AC-3. Kama faili lina lugha mbili na unataka ya pili, andika 0:a:1 badala ya 0:a:0, kwa sababu FFmpeg huhesabu kuanzia sifuri.

Kwa PS3 badilisha mwisho uwe MP4 na sauti iwe AAC:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 mpya.mp4

Amri hiyohiyo inafaa Xbox 360, maana "-ac 2" inaishusha sauti iwe chaneli mbili.

Kama sauti ni AC-3 tayari na bado kimya, kosa liko kwenye mipangilio ya mashine. Mashine inatuma Dolby jinsi ilivyo, na televisheni au redio yako haijui kuifumbua. Kwenye PS4 nenda "Sound and Screen", kisha "Audio Output Settings", kisha "Audio Format (Priority)", uchague "Linear PCM". Kwenye Xbox One nenda "Volume & audio output", uweke HDMI iwe stereo isiyobanwa.

Mvua ikinyesha kwenye bati hatusikii maneno, lakini milipuko inasikika hadi kwa jirani.

Mtu wa Tukuyu anaelewa swali hili bila kuelezwa. Filamu ya 5.1 huweka maneno kwenye chaneli ya katikati. Ikishushwa iwe chaneli mbili kwa kanuni ya kawaida, katikati hupunguzwa kabla ya kugawanywa kushoto na kulia, huku muziki na vishindo vikibaki na nguvu yake. Spika ndogo za televisheni zinamalizia kuua maneno.

Tengeneza sauti inayopendelea maneno:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|FL<1.0*FC+0.6*FL|FR<1.0*FC+0.6*FR" -c:a aac -b:a 192k mpya.mp4

FC ni chaneli ya katikati, FL na FR ni mbele kushoto na kulia. Alama ya "<" inaiambia FFmpeg ipime jumla ili sauti isipasuke. Ukiona muziki umefifia mno, ongeza 0.6 iwe 0.8. Kwa makusudi tumeziacha chaneli za nyuma. Kwenye spika mbili hazina faida, zinachafua maneno. Amri hii ni ya faili lenye sauti ya 5.1. Lenye chaneli mbili halina FC.

Video za send-off na harusi zilizopigwa kwa simu zinakataliwa zote. Kwa nini?

Kwa sababu tatu zinazokuja pamoja. Simu nyingi mpya hurekodi HEVC. iPhone zilianza mwaka 2017. Nyingi zimewekwa 4K. Na iPhone hufunga kazi hiyo ndani ya kontena la MOV.

Badilisha hivi:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -preset medium -crf 20 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Hapa picha inatengenezwa upya, kwa hiyo itachukua muda. Namba ya crf inapima ubora: 18 ni safi sana na faili kubwa, 23 ni ndogo zaidi. "yuv420p" ndiyo inayoishusha biti 10 kuwa 8. Ukiisahau, kwa video ya HDR (yenye mwanga na rangi pana zaidi) amri itagoma, au itatoka H.264 ya biti 10 ambayo hakuna PlayStation itakayoikubali. Video ya HDR baada ya kubadilishwa hivi inaweza kuonekana imepauka. Ndiyo maana ni bora kuzima HDR kwenye kamera kabla ya sherehe.

Kama video imepigwa wima, andika scale=-2:1080 badala yake. Video ya wima huwa imehifadhiwa ikiwa imelala, na alama ndogo inayosema "nigeuze". Mashine nyingi hazisomi alama hiyo, ndiyo maana bibi harusi anatokea amelala ubavu. FFmpeg huigeuza yenyewe inapotengeneza picha upya.

Kinga ni nafuu kuliko tiba: kwenye iPhone, nenda mipangilio ya Camera, "Formats", chagua "Most Compatible", na urekodi 1080p. Mwambie mpiga video wako mapema akupe nakala ya H.264, 1080p, biti 8, MP4. Akikuuliza kasi, mwambie Mbps 10 hadi 12 zinatosha.

Nina VCD na DVD za kwaya za miaka ya nyuma. Naziingizaje?

Hazina zilizomo kwenye CD hizo ni kubwa, kwaya za Njombe na Rungwe nyingi hazipatikani kwingine, na CD zinaharibika. Fanya kazi hii mwaka huu.

VCD ina folda ya MPEGAV yenye mafaili kama AVSEQ01.DAT. Ndani ni MPEG-1, picha ya 352 kwa 288, sauti ya MP2. PS3 inaifahamu MPEG-1, lakini kwenye orodha ya PS4 haimo. Hivyo fanya H.264 moja kwa moja:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k kwaya.mp4

Usiikuze picha, acha televisheni ikuze. Kuikuza kunaongeza ukubwa wa faili bila kuongeza usafi.

DVD ina folda ya VIDEO_TS, na filamu imekatwa vipande visivyozidi GB 1: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Kile cha VTS_01_0.VOB ni menyu, kiache. Viunganishe kwenye dirisha la amri la Windows:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB kwaya.mpg

Hilo faili la .mpg ni MPEG-2, na PS3 na PS4 hulisoma. Ukiona mistari mistari kwenye mikono ya wanakwaya wanapocheza, ni kwa sababu picha za PAL hupigwa kwa nusu-nusu, mara 50 kwa sekunde. Geuza kwa H.264 ukiongeza -vf bwdif, mistari itaondoka na mwendo utalainika.

CD yenye mikwaruzo isome polepole. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikaushe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Seva ipi niweke kwenye laptopu?

Kwa PS3, PS4 na Xbox 360, Universal Media Server. Inaitambua mashine yako na kujua inakubali nini. Faili linalofaa hulipeleka jinsi lilivyo, lisilofaa hulibadilisha palepale linapochezwa. Kwa PS5, Plex. Jellyfin ni nzuri na ya bure kabisa, ila kuanzia toleo la 10.9 DLNA ni kiendelezi unachoongeza mwenyewe.

Windows yenyewe ina seva ndogo. Fungua "Control Panel", "Network and Sharing Center", "Media streaming options", uwashe, uruhusu mashine yako. Inatosha kwa muziki na MP4 za kawaida.

Laptopu yangu ina nguvu ya kubadilisha video palepale?

Pima, usikisie. Anza kubadilisha video yoyote kwa amri ya harusi hapo juu, utazame mstari wa chini wa FFmpeg unaoandika "speed=". Ukisoma 2.5x, laptopu inakwenda mara mbili na nusu ya kasi ya video, hakuna shida. Ukisoma 0.7x, kila dakika ya video inamchukua karibu dakika moja na nusu, na kwenye televisheni itakwama kila mara. Hapo badilisha mafaili usiku, ucheze kesho.

Video inayobadilishwa palepale pia husumbua unapotaka kuruka mbele, kwa kuwa sehemu ya mbele bado haijatengenezwa. Si ubovu wa rimoti.

Mashine haiioni kompyuta kabisa.

Fuata kwa mpangilio huu. Kwanza hakikisha vyote viwili viko kwenye ruta moja. Tazama namba za IP (anwani za vifaa kwenye mtandao), mafungu matatu ya mwanzo yafanane, mfano 192.168.1.10 na 192.168.1.25. Pili, kwenye Windows mtandao uwe "Private". Ukiwa "Public", ukuta wa usalama hufunga seva, na hili peke yake ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi. Tatu, ruhusu programu ya seva kwenye ukuta huo. Vifaa vya DLNA hutafutana kupitia mlango wa mtandao wa UDP namba 1900. Antivirusi nyingine huifunga bila kusema.

Kama uko hosteli au kwenye nyumba ya kupanga yenye Wi-Fi ya wote, ruta inaweza kuwa imewekwa ili vifaa visionane. Hapo huna la kufanya kwenye laptopu. Nunua ruta ndogo yako, hata isiyo na laini, uunganishe vyako viwili humo.

Na laptopu isilale. Weka "Sleep" iwe "Never" ikiwa kwenye umeme.

Je, nitamaliza bando?

Hapana. Video inatoka kwenye laptopu, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye mashine ya gemu. Haitoki nje ya nyumba. Ukitumia simu kama ruta, kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima data kabisa na hotspot ikabaki hewani. Fanya hivyo, kwa sababu kinachomaliza bando ni Windows kujisasisha na PS4 kupakua gemu kimyakimya. Plex peke yake hutaka intaneti mara ya kwanza ya kujisajili.

Netflix ni habari nyingine. Wao wenyewe wanapendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K, na picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Bando la GB 10 ni kama filamu mbili hivi. Ingia kwenye akaunti yako kwa kompyuta, ushushe kiwango cha matumizi ya data kiwe cha kati, karibu GB 0.7 kwa saa.

Inacheza, lakini inakwama kila baada ya sekunde chache.

Kwanza jua faili linahitaji kasi gani. Chukua ukubwa kwa MB, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde. Filamu ya GB 9 yenye saa mbili: 9,000 mara 8, gawanya kwa 7,200, sawa na Mbps 10. Hiyo ni wastani. Sehemu zenye mambo mengi zinaweza kufika mara mbili au zaidi.

Sasa upande wa mtandao. PS3 ina Wi-Fi ya zamani ya b/g, na PS4 za mwanzo zina bendi ya 2.4 GHz tu. Slim na Pro zina 5 GHz. Nyumba zetu nyingi ni za tofali nene za kuchoma, na 5 GHz hupoteza nguvu kwenye ukuta kama huo kuliko 2.4. Kwa hiyo ushauri wetu haubadiliki: vuta kebo. Mita 15 za Cat5e kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine zitakuondolea shida kabisa, na hata ruta ya bei ndogo yenye matundu ya Mbps 100 inatosha. Ukiweza kuvuta moja tu, unganisha laptopu au mashine, yoyote iliyo mbali zaidi na ruta. Vyote viwili vikiwa kwenye Wi-Fi, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili.

Faili ni H.264, sauti ni AAC, kiwango ni 4.1, na bado picha inavunjikavunjika.

Tazama "Reference frames" kwenye MediaInfo. Kwa kiwango 4.1, picha ya 1080p inaruhusiwa fremu 4 za marejeo (fremu ambazo mashine huzikumbuka ili kuchora nyingine) na 720p inaruhusiwa 9. Kuna watengenezaji wanaoweka 16 na kuandika 4.1 hivyohivyo. Kumbukumbu ya chipu inajaa na picha inaanza kuvunjika. Dawa ni kuitengeneza picha upya.

Manukuu ya Kiswahili hayatokei.

Kwenye Xbox tumia VLC, liweke faili la SRT folda moja na video, jina moja. Kwenye PlayStation njia ya uhakika ni kuyachora juu ya picha:

ffmpeg -i filamu.mkv -vf subtitles=filamu.srt -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy mpya.mkv

Hifadhi SRT kwa UTF-8. Kumbuka hayatatoka tena, kwa hiyo tunza faili la awali.

Netflix kwenye PS4 inagoma kufunguka, gemu zinacheza kawaida.

Angalia "Settings", "System", kama "Enable HDCP" (kinga ya kuzuia kunakili picha ya HDMI) imezimwa; ikiwa hivyo, iwashe. Huzimwa na wanaorekodi gemu. Ikiwa imewashwa, ondoa kigawanyi cha HDMI kilicho katikati na uchomeke moja kwa moja kwenye televisheni.

Naweza kuonyesha kwenye kibanda umiza?

Kwa upande wa fomati, ndiyo. Kwa upande wa haki, kuonyesha kwa malipo kunahitaji kibali cha mwenye kazi na leseni za mamlaka husika, na akaunti ya Netflix ni ya matumizi ya nyumbani tu. Kwaya yako au harusi uliyoruhusiwa na wenyewe, haina shida.

Umeme ulikatika, sasa diski ya nje haisomeki kwenye PS4.

exFAT haina daftari la kumbukumbu la kuirudisha sawa pale uandishi unapokatizwa. Usiikubalie PS4 wala Windows inapopendekeza kufomati. Ichomeke kwenye laptopu, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika chkdsk E: /f ukiweka herufi ya diski yako. Mara nyingi mafaili hurudi. Usinakili mafaili kwenye diski wakati radi zinapiga, na kabla ya kuchomoa diski kwenye PS4, izime mashine kabisa, si kuilaza.